Mtoto Aliyekatazwa Kulia

Sitajifanya mnyenyekevu. Nilitoka Kazimia pekupeku, mtoto wa mkausha samaki, nikavuka ziwa bila mjomba wa kunishika mkono. Nilibeba magunia bandarini Kigoma, nikasoma kwa taa za watu, nikarudi na diploma ya uuguzi, fani ya kulaza wagonjwa usingizi. Wenzangu walibaki ng'ambo wakingoja vita viishe. Mimi nilirudi Baraka vikiwa bado vinawaka, na nijuavyo, hadi Fizi hapakuwa na mwingine mwenye karatasi kama yangu.

Kituo chetu kilikuwa madarasa mawili ya shule iliyofungwa. Ubaoni zilibaki hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyethubutu kuzifuta. Watoto waliletwa wakiwa wamedanganywa: mama anasema wanakwenda kununua mandazi, mtoto anafika mlangoni, anaona mikasi, anapiga ukelele, wanaume wanne wanamkamata mikono na miguu, nami namchoma sindano ya usingizi, ketamini, pajani. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto anayelala na hofu huamka nayo. Huamka akipigana, hung'oa mrija wa maji, huumia zaidi ya mwenzake, hukojoa kitandani, hukataa chakula, na kidonda chake huchelewa kufunga. Nilimweleza hivyo daktari wetu mpasuaji mbele ya watu wote, naye akaniachia jambo hilo mikononi.

Nikaweka kanuni. Anayelia asubiri nje na mama yake hadi atulie, isipokuwa aliye mahututi. Aliyetulia aingie kwanza. Kwa majuma kadhaa ilifanya kazi vizuri, nami nilitembea kati ya wagonjwa kama mwenye nyumba.

Ndipo akaletwa msichana wa miaka kama saba. Mama yake alikuwa amembeba mgongoni kutoka upande wa Lulimba, wakilala porini njia nzima. Kipande cha bomu kilikuwa kimeingia ugokoni, chini ya goti. Daktari alikitazama kidonda akasema mguu utapona, mradi kisafishwe na kibaki safi. Watoto wengine walilia. Huyu alikaa kimya, macho makavu, mikono magotini.

"Tazameni soda wangu, askari wangu mdogo," nikasema. "Huyu haogopi kitu. Aingie."

Mama mmoja aliyekuwa akitufulia mashuka alisimama na beseni lake. "Munganga, ule mutoto iko najificha."

"Anajificha wapi, nami namwona hapa?"

"Mu pori tunabafundishaka. Mutoto akilia, basoda banasikia, tunakufa bote. Ule hajatoka pori bado."

"Na wewe, mama, uko na diploma gani?"

"Batoto sita nilikimbia nabo," akasema. "Hiyo njo diploma."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamwingiza msichana peke yake, kwa sababu mtoto aliyetulia hahitaji mama. Nilipomchoma sindano hata hakushtuka. Kwenye kadi yake niliandika: ametulia.

Aliamka kama mtu anayezama. Alirusha mateke, alinikwaruza shingoni, aling'oa mrija, akavuta bendeji hadi damu ikatoka upya, na katika hayo yote mdomo wake ulikuwa umefungwa. Sijawahi kuona mtoto akipigana hivyo bila sauti. Tulimfunga upya, nikasema ni dawa tu, itaisha.

Siku zilizofuata kila nilipoingia na koti langu jeupe, alijiburuta chini ya kitanda, mguu ukisugua vumbi la sakafu. Nilimuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa kukataa. Nikaandika, bila kufungua bendeji: anaendelea vizuri. Mama yake naye hakumsikia akilalamika, na kwa mwanamke aliyetoka alikotoka, hiyo ilikuwa tabia njema. Siku ya tano yule mfuaji alikunja pua mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda hicho na kufunua shuka. Usaha ulikuwa umepanda hadi karibu na goti. Mtoto alikuwa anawaka homa, na bado alikuwa akitikisa kichwa.

Daktari alisema mguu ukatwe asubuhi hiyohiyo.

Nilivua koti. Nilichuchumaa chini, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mbele ya mgonjwa tangu nirudi, nikamwomba mama yake amwambie yote, bila mandazi.

"Mwanangu," mama akasema, "watakata mguu huu, umeoza. Iko neno la kweli. Utalala, utaamka, mi niko hapa." Akamfuta jasho. "Na sasa lia. Nimekuruhusu."

Msichana alitazama mlango. "Basoda je?"

"Hawako."

"Hata kwa nguvu?"

"Hata kwa nguvu."

Alilia. Alilia hadi wagonjwa wa darasa la pili wakanyamaza, na kwa kanuni yangu alipaswa kutolewa nje akasubiri. Nilimchoma sindano akiwa kifuani mwa mama yake, kilio kikaisha polepole. Alipoamka hakupigana. Aliomba maji, kisha akasema panauma. Nilimpa dawa. Mguu ulikuwa kwenye ndoo, na mfuaji aliuchukua kwenda kuuzika bila kunitazama.

Diploma yangu ipo ukutani hadi leo, kwenye fremu niliyoichonga mwenyewe. Nimelaza watoto wengi tangu hapo, na nasema waziwazi kwamba hakuna aliyewalaza vizuri kuliko mimi huku kwetu. Ila ile kanuni niliifuta, na anayekuja kimya namrudisha kwa mama yake kwanza.

Msichana yule alikulia Baraka. Nilikuwa nikimsikia kabla sijamwona, akiwaita wenzake njia nzima ya soko, gongo lake likigonga mawe. Siku moja tulikutana uso kwa uso penye kona ya kisima, nikafungua mdomo kumsalimu.

Aliponiona, alinyamaza.