Miguu Mbele ya Mgeni

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, mshonaji mmoja wa kisiwani Savaii huegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akafungua video na kuanza mazoezi ya viungo, pini zikiwa bado kwenye kola. Nyumba yake haina kuta, ni nguzo na paa tu, kwa hiyo jirani yake Telesia, akipalilia magimbi, huona yote: mikono minene inayopunga kama inafukuza kuku, magoti yanayogoma, na mdomo usionyamaza. Binti wa kwenye video akisema ruka, yeye hujibu, "Naruka, mwanangu, usinikimbize." Akiishiwa pumzi huisimamisha video, lakini kwanza humwomba radhi binti wa watu.

Leo, kwa mara ya kwanza, alifika karibu na mwisho bila kuisimamisha. Ikabaki kuketi chini na kunyoosha miguu mbele. Akainyoosha, jasho likimtiririka, kisha upesi akavuta kijimkeka akafunika nyayo, kama afanyavyo mwenye adabu yeyote wa kisiwa hicho aketipo mbele ya mgeni.

Telesia aliangusha jembe kwa kicheko. "Mama wee! Huyo yuko ndani ya simu, hakuoni!"

"Haya, mcheka watu, njoo basi na wewe tukuone."

Telesia akaja na matope yake, akaketi, akanyoosha miguu. Binti wa kwenye simu akatabasamu, akamtazama machoni. Telesia akajikaza kidogo, akashindwa.

"Sogea huko," akanong'ona, "nigawie na mimi mkeka."