Nati Iliyokuwa Chumbani kwa Wakwe

Mdogo wangu alipoolewa Dutwa, mimi ndiye niliyesimama zizini kupokea ng'ombe. Baba na mama walikuwa wametangulia. Niliacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu watatu wasigawanywe kwa ndugu, na tangu hapo kila jambo la mzazi likawa langu. Siku ile ya ng'ombe, mwanamke mmoja wa upande wa pili alisema, bila hata kushusha sauti, kwamba hawa ni watoto waliojilea. Nilijua kila ugali utakaoungua mikononi mwa mdogo wangu, neno hilo litamrudia.

Kwa hiyo shemeji, mume wake, aliponipigia simu kutoka safarini, sikuuliza mengi. Baba yake alikuwa amevunjika nyonga. Alirudishwa nyumbani kutoka hospitali na amri ya kulala chali, asisogezwe, na joto la Oktoba lilikuwa linamchubua mgongo. Kiyoyozi kilikwisha kutundikwa, ila fundi aliyekitundika alipotea kabla ya kuunga nyaya.

"Shemeji, si wewe ni fundi?"

Nikasema nitafika asubuhi. Nilipokata simu ndipo nilipofikiria kimetundikwa wapi. Chumbani mwa wazazi wake.

Kwetu mkwe haingii chumba wanacholala wakwe. Mwenzangu wa karakana, ambaye angeweza kuingia, alikuwa Lamadi kwenye friza za samaki. Nilifunga vifaa kwenye pikipiki nikatoka Bariadi jua halijachomoza, nikitumaini njiani nitapata akili. Sikuipata.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama mkwe nilipofika uani kwao.

"Mwangaluka, mkwe. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, salama tu.

Nilizunguka mashine ya nje ya kiyoyozi mara mbili, nikakagua vitu ambavyo havikuhitaji kukaguliwa. Mama mkwe aliniangalia tu. Mwisho akasema, "Mikono itakuwa yangu. Wewe utakuwa mdomo."

Sauti ya mzee ikatoka kwenye tundu la ukutani yanamopita mabomba. "Yule wa kwanza alikuwa na mikono, mdomo hana. Ameondoka bila kuaga."

Nilizima swichi kuu na kumweka mdogo wangu ailinde. "Akija yeyote, asiiguse."

"Kaka, umeshasema mara tatu."

Alitaka mama mkwe wake aingie na simu apige picha ili nione nyaya. Nilikataa. Kukiangalia chumba chao kwenye simu na kuingia kwa miguu, mimi sikuona tofauti. Nikachuchumaa chini ya tundu, nikaanza kusema. Waya wa kahawia kwenye herufi L. Wa bluu kwenye N. Mweusi kwenye S. Wa kijani na njano kwenye bati la mashine. Nilisikia stuli ikilia, bisibisi ikianguka, ikiokotwa.

"Nimefunga."

"Sasa vuta kila mmoja, mayu, kama unavyovuta kamba ya ndama kuona kama imeshika."

"Huu mweusi umenifuata."

Mzee alicheka mpaka nyonga ikamuuma. "Ndama wako huyo! Sasa hivi yuko kwa jirani."

Akaufunga upya, akavuta, ukashika. Nilimuuliza rangi zote tena, moja moja. Alinijibu kwa sauti ya mtu anayekaribia kuchoka na mtoto.

Nikageukia gesi, nikidhani hapo nitatulia, maana kazi iliyobaki ilikuwa nje. Nikafunga geji ya presha. Sindano ilikuwa sifuri. Gesi iliyokuja na mashine kutoka kiwandani ilikuwa imeshatoka yote. Niliingiza naitrojeni kwenye mabomba kupima uvujaji; sindano ikapanda, nikasubiri. Sindano ikaanza kushuka, polepole, kama mtu anayesinzia. Nikapaka povu la sabuni kwenye nati zote za nje. Hakuna hata moja iliyotoa mapovu. Basi uvujaji ulikuwa ndani, kwenye nati zilizo chini ya mashine, juu ya kitanda cha wazee.

Niliwaambia. Sikutaka kusema, lakini nilisema.

"Si ujaze tu?" mzee aliuliza. "Mashine ya mwanangu wa Mwanza huongezwa gesi kila mwaka. Huwa inaisha."

"Haiishi, baba. Si petroli. Ikipungua, kuna mahali inatoka."

"Ukijaza leo itapoa?"

"Itapoa. Baada ya wiki chache itakuwa inapuliza joto."

Mdogo wangu akaja kwenye kona ya nyumba, akanong'ona, "Kaka, jaza. Tafadhali. Wanaangalia, ujue. Ikigoma leo, atakayebaki hapa ni mimi."

Mtungi wa gesi ulikuwa miguuni pangu. Ningeufungua, chumba kingepoa, ningekula na kusifiwa.

"Rudi kwenye swichi," nikamwambia.

Nikapitisha spana mbili na kitambaa chenye povu la sabuni kwenye tundu. "Mayu, umewahi kukaza bolti za jembe la ng'ombe?"

"Nimekaza tangu hujazaliwa."

"Hii usiikaze hivyo. Shaba itapasuka. Moja ishike bomba, nyingine izungushe nati. Ikigoma, ongeza kidogo tu, halafu acha."

Alipaka povu kwanza. "Hii kubwa inapumua," akasema, na nikamsikia akivuta pumzi. Spana ikalia mara moja. Ikanyamaza.

Niliongeza naitrojeni, nikaitazama sindano. Nilishindwa kukaa. Nilikwenda mpaka kwenye banda la mbuzi, nikarudi. Nikaosha mikono iliyokuwa safi. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye swichi, hanitazami. Kivuli cha paa kikavuka geji kikaishia mbali, na sindano ilikuwa pale pale.

Nikaitoa naitrojeni, nikanyonya hewa kwa pampu, nikaweka mtungi wa gesi kwenye mzani kichwa chini, nikajaza uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. Kisha nikamwambia mdogo wangu awashe.

Feni ya nje ikazunguka. Kompresa ikaguna. Bomba la shaba likapoa chini ya vidole vyangu, likaanza kutoa jasho.

"Funga mlango!" mzee akapiga kelele ndani. "Mnawapelekea baridi kuku!"

Mama mkwe alitoka na spana, amezifuta kwa kanga. Hakunipa mimi, alimpa mdogo wangu. "Nilikusikia ukimwambia ajaze. Tundu lile linapitisha kila kitu." Mdogo wangu akainamisha kichwa. "Mkaidi huyu kaka yako. Nenda kamsongee ugali, na leo nitakaa nawe jikoni."

Wakaingia pamoja. Nilibaki nikikusanya vifaa, nikisikia sufuria na sauti zao, na sikuweza kutambua nani anacheka.

Mashine ya ndani sijaiona mpaka leo. Nikipita Dutwa nasimamisha pikipiki, nagusa kwanza bomba la nje, halafu napiga hodi.