Mbwa Mwitu wa Bi Masikio

Miaka haipigi hodi. Hupita kama jua lipitavyo juu ya mkeka, na mwenye nyumba hatambui mpaka rangi ifife. Ndivyo ilivyompitia mwanamke ambaye wenzake walimwita Bi Masikio. Alijiunga na kikundi chao nywele zikiwa nyeusi tititi. Zikawa kijivu, kisha nyeupe pe, naye angali ameinamia kinanda kilekile.

Kikundi hicho kilipiga nyimbo za watu waliofariki karne nyingi zilizopita, kwa ala za namna waliyoitumia wenyewe: fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, filimbi za mti, na kinanda chembamba ambacho nyuzi zake hudonolewa na vijino vya unyoya. Bi Masikio hakupiga ala yoyote. Kazi yake ilikuwa kulinganisha nyuzi za kinanda kabla ya wapigaji kuketi.

Katika ulinganishaji wa kale, haiwezekani sauti zote ziwe tamu kwa pamoja. Ukizipa utamu zilizo nyingi, uchachu wote hukimbilia mahali pamoja, na sauti mbili za hapo zikikutanishwa hulia kama mnyama. Mlio huo mafundi huuita mbwa mwitu. Hafukuziki, hufungiwa tu pale ambapo wimbo wa siku hautapita.

“Kila nyumba ina wake,” Bi Masikio alikuwa akisema. “Heri ajuaye amelala chumba gani.”

Lakini kwa muda mrefu sasa nyuzi nyembamba, zile za sauti za juu, zilikuwa zikimfikia kama sauti za watu walio ng'ambo ya mto wenye ukungu. Hakumwambia mtu. Kuambiwa akae nyumbani kungekuwa sawa na kuambiwa aache kupumua.

Alasiri moja alimaliza kazi katika ukumbi mtupu. Mwanga wa madirishani ulikuwa umelala sakafuni, na vumbi lilielea ndani yake bila haraka, kana kwamba nalo lilisubiri wimbo. Binti wa kaka yake, mpiga kinanda na kiongozi wa kikundi, akaketi, wenzake wakashika ala, wakaanza mazoezi ya mwisho. Hawakufika mbali. Mbwa mwitu akabweka.

“Lo!” mpiga fidla akashusha upinde. “Nani kaacha mlango wazi?”

Wakacheka wote, isipokuwa yule binti.

“Shangazi, umemsikia?”

Bi Masikio akautazama ufunguo wa kukazia nyuzi uliokuwa mkononi mwake. Uongo ulikuwa karibu, nao ulikuwa mwepesi.

“Sikumsikia, mwanangu. Nyuzi nyembamba zimenikimbia siku nyingi.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, mngeniambia nikapumzike. Nikapumzike na nani? Na paka?”

“Paka mwenyewe keshakuhama, Bi mkubwa,” mpiga fidla akasema, lakini kwa upole.

Binti akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi. Shangazi akaketi, akainama, akaweka taya lake juu ya ubao wa kinanda, kisha akagusa uzi mnene. Mtetemo ukapanda mfupani, ukamjaa kichwani kama maji yanavyojaa mtungi. Akafumba macho. Ilikuwa kana kwamba wale marehemu wenye nyimbo wameketi upande wa pili wa ubao, wakivuta pumzi taratibu.

“Huku chini ningali nipo,” akanong'ona. “Huku hakunipotei kitu.”

“Basi za chini zako,” binti akasema. “Za juu niachie mimi.”

Bi Masikio akazilinganisha nyuzi nene moja baada ya nyingine, taya likiwa palepale. Alipofika pale ukungu unapoanzia, akautoa ufunguo, ungali na joto la kiganja chake, akautia mkononi mwa binti wa kaka yake.

Binti akazimalizia za juu, na wasikilizaji walipoingia, wimbo ulipita mbele ya mlango wa mbwa mwitu, naye hakugutuka.

Mwenyezi Mungu ampe mama huyu umri wenye afya, na ausikizishe moyo wake pale masikio yanapochoka. Ambariki binti wa kaka yake na mkono uliopokea ufunguo. Awalinde jamaa zao, wakubwa kwa wadogo, na mbwa mwitu wa kila nyumba amlaze usingizi mzito. Amina.