Mkeka wa Maka Hauguswi

Nianze kwa kusema wazi kwamba nimechoka na neno "jamii". Kila anayeshuka Garissa na gari refu jeupe huja kwa ajili ya jamii, hula na jamii, hupiga picha na jamii, kisha hurudi Nairobi kuandika ripoti juu ya jamii. Jirani yangu Maka ana jina. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na minane, na sijawahi kusikia mtu akipiga hodi kwake akisema, "Jamii, upo?"

Maka ana miaka sitini na kitu. Mwenyewe huhesabu umri wake kwa ukame, na hesabu hubadilika akikasirika. Alikuja mjini kutoka upande wa Bura baada ya ukame mmoja kumaliza ng'ombe wote wa mumewe, na alichokuja nacho ni bintiye Khadra na ufundi wa kutengeneza aqal, ile nyumba ya mikeka na miti iliyopindwa ambayo hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia watu wanapohama. Mjini tunaishi kwenye mawe na mabati, lakini bibi harusi wa kwetu bado hujengewa aqal uani, akae humo siku saba na mumewe kabla ya kuhamia kwenye mabati. Wanaoijenga ni mama yake na wanawake wa upande wake. Mwanamume akionekana hapo hutumwa maji, na ashukuru.

Meno ya Maka yana rangi ya chai kwa kutafuna maganda ya mgunga miaka nenda miaka rudi. Ganda hutafunwa mpaka lilainike, likachambuliwa nyuzi, nyuzi zikasokotwa. Kazi hiyo haifanyi peke yake. Asubuhi hutandika gunia uani, na kabla chai haijachemka wanawake wawili watatu wameshaingia, hakuna aliyewaita. Sharti ni moja tu: hapo hapatazamwi. Wiki yangu ya kwanza katika bulla hii, ndivyo tunavyouita mtaa, nilikaa karibu yao nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Maka aliyachukua madaftari, akayaweka juu ya tangi la maji, akanipa ncha ya kamba nishike. Mimi, mama mzima na mwalimu, nikashika ncha ya kamba mpaka adhuhuri.

Mkeka ulionikalisha niandike haya ulianzwa na Khadra. Aliuanza mwaka ambao binti yake, Ifrah, aliingia kidato cha kwanza, akisema siku Ifrah akiolewa atalala chini ya mkono wa mama yake. Alifika theluthi moja, akafariki katika uzazi, na mtoto pia. Mkeka ukakaa sandukuni mwaka mzima. Siku moja Maka akautoa, akautandika uani, wanawake wakaja, tukaumaliza kwa miaka miwili. Khadra alikuwa na mkono mlegevu kidogo. Kwa macho huoni tofauti, lakini ukipitisha kiganja unajua kabisa pale alipokoma.

Basi wakaja watu wa sanaa.

Lilikuwa shirika la kutoka Nairobi, na mradi wao uliitwa sanaa shirikishi. Nitasema haki: maelezo yao yalinipendeza. Msanii wao, Ruweyda, mzaliwa wa Eastleigh mwenye shahada mbili na miwani mikubwa, alituambia katika ukumbi waliokodi mjini kwamba sanaa si lazima iwe kitu cha kutundika ukutani. Sanaa yaweza kuwa namna watu wanavyokutana na kufanya kazi pamoja. Alisema hayo kwa saa nzima. Alipomaliza, Maka aliuliza swali moja: nani anaolewa? Ruweyda akajibu kwamba hakuna anayeolewa, huu ni mchakato. Maka akaniinamia na kuninong'oneza kwamba hajawahi kusikia ukoo unaoitwa Mchakato, lakini kama ni wageni wameomba nyumba, watajengewa.

Afisa wa mradi alikuwa Liban, kijana wa bulla yetu. Nilimfundisha mimi kuandika. Mama yake alipokuwa sokoni, Liban alikula kwa Khadra karibu kila jioni, na Khadra ndiye aliyemfuta kamasi. Siku hizi ana kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni, na hakivui hata akienda msikitini.

Ratiba yao ilikuwa ya siku kumi. Siku ya kwanza wanawake walifika baada ya alfajiri, na kufikia saa tano aqal ilikuwa imesimama katikati ya ukumbi, nasi tunakunywa chai ndani yake. Ruweyda alitazama nyumba, akatazama ratiba. Zilibaki siku tisa za mchakato na hakuna mchakato. Wakatuomba tuibomoe tuijenge tena, polepole, kwa sababu ya kamera. Tukaijenga mara nne. Mara ya tatu mpiga picha alimwomba Maka ageuze uso kwenye mwanga na afikirie asili yake. Maka alifikiria mbuzi wake waliokuwa hawajanyweshwa, na picha ile ndiyo iliyowekwa kwenye bango.

Kisha Ruweyda akasema nyumba inahitaji sura bora juu, maana tuliifunika kwa maturubai na mashuka, kama wanavyofanya wengi siku hizi. Akauliza kama kuna mkeka mzuri. Maka akaenda kwenye sanduku. Mtu wa mjini atasema alikosea kuutoa, lakini kwetu ukiombwa mkeka kwa shughuli hunyimi, wala huulizi utarudi lini. Aliyeazima huurudisha shughuli ikiisha, na ndani ya mkunjo huweka sukari na majani ya chai. Hivyo ndivyo mkeka unavyojua njia ya kurudi nyumbani.

Siku hiyohiyo Liban alipitisha karatasi ya kutia sahihi. Hapa ndipo ninapotamani kujichapa. Watu wa kwetu, tangu mashirika yajae Dadaab, tumetia sahihi karatasi za mahudhurio mpaka vidole vimepata sugu. Semina ya maji, sahihi. Semina ya chanjo, sahihi. Ukiona karatasi yenye mistari unatia kidole kabla haijafika mbele yako, kwa sababu bila hiyo hakuna chakula cha mchana. Maka alitia kidole gumba. Nani alimwonyesha pa kutia? Mimi. Mwalimu wa miaka ishirini na tisa, niliyekuwa nikiwachapa watoto wa watu kwa kutosoma maagizo.

Mkeka ulipowekwa juu, wakaandaa kibao kidogo. Waliuliza msanii ni nani. Maka akawatajia majina kumi na matatu, la kwanza likiwa la Khadra, na akasisitiza kwamba Khadra ni marehemu lakini ndiye aliyeuanza. Kibao kilirudi kimeandikwa: "Maka na jamii. Usiguse." Nilipomsomea, alipitisha kidole juu ya maandishi. Kisha akaniuliza Khadra yuko wapi hapo. Nikamwambia yuko kwenye jamii. Niliona haya kutamka maneno hayo, na hasira niliyopata siku hiyo bado ninayo.

Kazi ikaisha, wageni wakatulia, na upande wa mume wa Ifrah wakaleta habari kwamba harusi itakuwa Jumapili. Jumatatu, siku sita kabla ya harusi, Maka akamtuma Ifrah ukumbini kuchukua mkeka. Mlinzi akamwonyesha kibao. Ifrah, mtoto mwenye adabu, akarudi mikono mitupu.

Tukaenda wenyewe. Liban akafungua faili, akatuonyesha karatasi yenye mistari na kidole cha Maka chini yake. Haikuwa ya mahudhurio. Ilisema mkeka umekabidhiwa shirika kwa miezi sita, uonyeshwe Garissa, kisha Nairobi, na lori la kuuchukua lingefika Jumatatu inayofuata, siku moja baada ya harusi. Maka alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba Ifrah anaolewa, na mkeka ni wa mama yake.

"Eedo, mimi naelewa," Liban akasema, akimwita shangazi. "Lakini mkeka sasa iko kwa mfumo. Mimi peke yangu siwezi kuitoa."

Jumanne akatutuma kwa Ruweyda. Ruweyda aliona aibu, hilo nililiona, lakini Jumatano akasema ni lazima bodi iamue. Alhamisi bodi ikaandika barua pepe kwamba kazi ya sanaa iliyokatiwa bima haiondolewi kabla ya maonyesho kumalizika, ila wanaheshimu sana hisia za jamii. Ijumaa Maka aliomba angalau auone. Mlinzi akamwandika kwenye kitabu cha wageni, akamvalisha beji ya mgeni, akamsimamisha nyuma ya kamba. Alisimama pale na beji kifuani akitazama kazi ya mtoto wake kwa mbali. Siku zote nimemjua Maka ni mtu wa kufoka. Siku hiyo hakufoka, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nyumbani alitandika gunia uani ingawa ilikuwa jioni. Wanawake wakaja.

Jumamosi saa nne asubuhi ilikuwa sherehe ya kuwaonyesha wakubwa mradi. Walikuwepo wageni wa Nairobi wenye viatu vizuri, maafisa wawili watatu wa kaunti, na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Ruweyda alikuwa katikati ya hotuba yake Maka alipoingia na wanawake kumi na mmoja, nami nikiwa wa mwisho, kila mmoja na kamba begani. Maka akavuka kamba ya mlinzi, akaanza kufungua vifundo vya mkeka. Mwingine akapokea upande wa pili. Tukaimba wimbo wetu wa kuhama, kwa sababu vifundo vile vimezoea kufunguliwa kwa wimbo, na mkono unakwenda nao.

Mlinzi alimtazama Liban, Liban akamtazama Ruweyda. Na wageni wakasimama, wakatoa simu, wakapiga makofi. Mama mmoja wa Nairobi alikuwa anafuta machozi. Walidhani tumewaandalia.

Maka akasimamisha wimbo. Makofi yakaendelea kidogo, yakafifia. Aliwaendea na mti mmoja wa nyumba mkononi, akawaambia kwa Kiswahili chake:

"Nyie mnabiga makofi kwa nini? Hii nyumba nahama. Mtu iko na mkono, abebe."

Akaunyoosha ule mti mbele yao. Nilidhani sasa tutaitiwa polisi, na nikaanza kuwaza pensheni yangu. Lakini Ruweyda aliweka karatasi za hotuba juu ya kiti, akavua miwani, akaupokea. Sijui kama alifikiria bodi. Nadhani alikuwa amechoka kutusimulia watu wanavyofanya kazi pamoja. Baada yake afisa mmoja wa kaunti akachukua mti, kisha yule mama wa machozi, na ndani ya robo saa nyumba nzima ilikuwa mabegani mwa watu.

Ni mwendo wa dakika arobaini mpaka kwetu, na mchanga wa Garissa saa tano hauheshimu kiatu. Mgeni mmoja aliuliza kama kuna gari. Maka akamwambia nyumba hii ilipanda ngamia, haijawahi kupanda gari, naye ngamia leo hatuna ila yeye. Njiani Ruweyda alibadilishana mti kwa mkeka na mmoja wetu, akaingia dukani nao. Tulipofika akamkabidhi Maka mkeka, na ndani ya mkunjo mlikuwa na sukari na majani ya chai. Sijui ni yupi kati ya wanawake aliyemfundisha. Maka alivipokea bila kumsifu, akampa ganda la mgunga atafune, maana kamba mbili zilikuwa zimekatika.

Aqal ilisimama uani kabla ya alasiri. Baada ya alasiri ndipo Liban alipofika na karatasi nyingine. Nairobi walikuwa wamempigia simu kutwa nzima. Aliomba Maka atie kidole kwamba amerudishiwa mkeka, la sivyo kazi yake yeye Liban itakuwa hatarini. Nilitaka kumfukuza. Maka akamshika ile kamba ya kitambulisho shingoni, akamwingiza ndani ya nyumba akiwa ameinama, akachukua mkono wake na kuupitisha kwenye mkeka, polepole, kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Mkono ulifika pale. Ukasimama.

"Eedo Khadra," Liban akasema.

"Sasa andika," Maka akamwambia.

Liban akageuza karatasi yake, akachora mistari upande wa nyuma, akaandika majina yote kumi na matatu kwa mwandiko niliomfundisha mimi, namba moja ikiwa Khadra. Sisi wengine tukaandika namba za kitambulisho na za simu, tukatia sahihi. Maka akatia kidole gumba kwenye nafasi yake, kisha akakitia tena kwenye ya Khadra. Safari hii niliisoma karatasi nzima, pande zote mbili, kabla haijaondoka.

Ifrah aliolewa Jumapili. Wiki iliyofuata wakanipigia simu kutoka Nairobi, kwa sababu namba yangu ndiyo pekee iliyosomeka. Binti mwenye sauti ya upole alisema wanakamilisha ripoti, na wana tatizo dogo na mshiriki namba moja. Hana namba ya kitambulisho, hana simu, na sahihi yake inafanana na ya mtu mwingine. Aliuliza wangeweza kuthibitisha vipi kwamba alihudhuria.

Nikamwambia waje waguse mkeka.