Sindano za Kesho

Vyuo vikuu viwili vilikuwa tayari kumpokea binti ahamie kutoka chuo chake cha zamani. Cha karibu kilimtaka arudie mwaka wa kwanza, ila angelala kwao. Cha mbali kilikubali masomo yake yote, na asubuhi hiyo alikuwa amekikubalia kwa simu, kimyakimya kama mwizi wa kuku.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na macho yake hayakuona tena tundu la sindano. Kwa hiyo kila jioni binti alimtilia uzi sindano za mkono za kesho yake, akazichomeka kwenye sponji. Jioni hiyo alitia bila kupumzika, nafsi ikimsuta, huku mama akimtambia mteja, "Huyu wangu atasoma hapa hapa. Haniachi huyu."

Binti akazidi kuinama.

Mteja alipoondoka, mama aliipapasa ile sponji, akakuta sindano zimesongamana kama miba ya nungunungu. Mkono ukatulia.

"Kumbe ni kule mbali," alisema. "Basi zitie uzi mrefu, mwanangu."