Mama Yake Yuko Wapi

Mke wangu alipopata kazi ya upishi hotelini Diani, mimi nilibaki nyumbani Gazi kumlea binti yetu. Alipofika umri wa chanjo ya surua, nilimpeleka zahanati.

"Mama yake yuko wapi?" aliniuliza muuguzi, mama wa makamo.

"Yuko kazini. Mimi ni babake."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka. Muuguzi alimwondoa mtoto mapajani mwangu, akampa mwanamke aliyekaa kando yangu, mtu nisiyemjua kabisa, ili amshike wakati wa sindano. Binti yangu alilia huku akininyooshea mikono. Nilipandwa na hasira.

"Nipe mwanangu," nikasema.

"Wanaume hawajui kushika watoto," muuguzi akajibu.

"Huyu nimemwogesha mimi, nimemlisha uji mimi, nimembeba mimi hadi hapa. Nipe."

Yule mwanamke alinirudishia mtoto kwa aibu. Binti yangu alichomwa sindano akiwa kifuani mwangu, akanyamaza upesi.

"Siku nyingine aje mamake," muuguzi alisema.

"Nitakuja mimi," nikamjibu, nikatoka bila kuaga. Hadi leo nikikutana naye njiani, shikamoo hainitoki.