Trela Isiyo na Lori

Wageni wangu wa Krismasi waliporudi Dar, nilishuka Moshi mjini kurudisha kanda ya video waliyoikodi wakaisahau. Mbele yangu dukani alisimama mzee mwenye koti la kanisani, kanda yake kaishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

"Shikamoo babu. Umeipenda?" binti wa duka akauliza.

"Marahaba. Nimerudia vile vipande vya mwanzoni. Kijana anamkumbatia mama yake, anapanda treni, daraja linaungua, halafu kimya. Alirudi?"

"Hizo ni trela, babu, za kukutamanisha tu. Filamu yenyewe hatuna."

"Trela ninazozijua huvutwa na lori. Lori lake liko wapi?"

"Labda litakuja."

"Basi niongezee wiki, nilingoje."

Nilikuwa tayari kumwambia aache utoto. Lakini wajukuu wangu nao walikaa siku mbili tu: mbuzi akachinjwa, picha zikapigwa, wakasema, "Bibi, Pasaka tutakaa sana," gari likashuka mteremko. Pasaka ngapi zimepita tangu waanze kusema hivyo, waulizeni wao.

Zamu yangu ikafika. Nikairudisha kanda mkobani.

"Na mimi niongezee wiki," nikamwambia binti.